Mlingoti uliokatika: jinsi studio moja ya pwani ilivyochagua programu ya kuunga picha pana

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinawahusu wapiga picha waliopewa kazi ya picha pana, yaani picha kadhaa zinazoungwa kuwa moja, wakalazimika kuchagua programu ya kuziungia. Mji, mteja na wahusika wamefichwa. Hata programu ya kuhariri ambayo studio ilikuwa ikiilipia sitaitaja, kwa kuwa yaliyoipata yangeweza kuipata yoyote ya aina yake. Mimi niliitwa katikati ya kazi kutoa ushauri, na mwanzo wa habari nimesimuliwa na wenyewe.

Usuli

Studio ina watu watatu. Mwenyewe ni mtu mzima aliyeanza kazi enzi za filamu, na kila mtu pale anamwita Ami. Wa pili ni kijana mpiga picha, na wa tatu ni binti mhariri anayeshinda kwenye kompyuta. Riziki yao ya kila siku ni harusi, mahafali na picha za pasipoti.

Taasisi moja inayoshughulika na urithi wa mji mkongwe ikawaletea kazi ya vibao vitatu vya maonyesho. Cha kwanza kilikuwa uso wote wa mji upande wa bahari, kichapwe kwa upana wa mita 6. Cha pili kilikuwa ukumbi wa ndani wa nyumba ya kale, wenye dari ya boriti za mikoko, na cha tatu ukuta mrefu wa kichochoro wenye milango ya nakshi na baraza.

Kabla ya kugusa kamera walipiga hesabu, na hilo liliwasaidia sana baadaye. Mchapaji alitaka angalau pikseli 100 kwa kila inchi. Mita 6 ni karibu inchi 236, kwa hiyo picha ilihitaji upana wa pikseli kama 23,600. Kamera yao ni ya megapikseli 24, yaani pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiisimamisha wima, picha moja inakupa upana wa pikseli 4,000. Ukiacha kila picha iingiane na jirani yake kwa asilimia 30, kila inayofuata inaongeza pikseli 2,800 tu. Elfu nne ya kwanza, ukijumlisha 2,800 mara saba, unapata 23,600 kamili. Hizo ni picha nane, nao wakaamua kupiga tisa ili wabaki na cha kukata pembeni.

Jaribio la kwanza: programu nne, picha rahisi

Mpiga picha alisimama kwenye kichwa cha gati akapiga mji kutoka kulia kwenda kushoto. Mhariri akaziunga picha hizo kwa programu nne ili alinganishe. Ya kwanza ilikuwa ile ya kuhariri waliyokuwa wakiilipia kila mwezi, ambayo ina kitufe cha kuunga. Ya pili ilikuwa PTGui, inayotengenezwa Uholanzi na kuuzwa kwa leseni. Ukiijaribu bure inakuwekea alama juu ya picha. Ya tatu ilikuwa Hugin, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ya nne ilikuwa Image Composite Editor ya Microsoft, iliyopendwa sana kwa wepesi wake.

Hii ya mwisho iliondoka mapema. Microsoft ilikwisha kuiondoa kwenye tovuti yake, na nakala aliyoipata mhariri ilitoka kwenye tovuti ya watu wasiojulikana. Ami alikataa isisakinishwe kwenye kompyuta yenye picha za wateja, na hata ingekuwa salama, ni programu ambayo hakuna anayeihudumia tena.

Tatu zilizobaki zote ziliunga. Kwenye skrini hukuweza kuzitofautisha, na Ami akaona hakuna haja ya kuhangaika, watumie hiyo wanayoilipia. Mhariri akaikuza picha mpaka ukubwa wake kamili, akaanza kuipitia polepole kutoka pembe moja hadi nyingine. Alipofika kwenye jahazi lililokuwa likipita, akasimama.

“Ami, hebu njoo utazame huku. Mlingoti umeanzia hapa chini, na juu umeota mahali pengine.”

“Si ukate tu hapo, binti yangu?”

“Nikikata, jahazi lote linaondoka. Na hii programu hainipi pa kushika.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobadili swali la kazi nzima. Mpaka hapo walikuwa wakiuliza ni programu ipi inayounga vizuri. Sasa wakaanza kuuliza: pale programu inapokosea, inaniruhusu niingie ndani nirekebishe?

Kwa nini mlingoti ulikatika

Programu hizi zote zinafanya kazi tatu kwa kufuatana. Kwanza zinatafuta nukta zinazofanana katika picha mbili zilizopakana, kwa mfano kona ya dirisha inayoonekana katika zote mbili. Kisha zinakadiria kamera ilielekea wapi katika kila picha na lenzi inapinda mistari kiasi gani. Mwisho zinazitandaza picha, zinachagua mstari wa mshono na kuuficha.

Asili yao nayo imeungana. Mjerumani Helmut Dersch alitoa Panorama Tools mwaka 1998, na wakati huo nukta ulizitafuta kwa mkono. Mwaka 2003, Matthew Brown na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha kwamba kompyuta inaweza yenyewe kutambua picha zinazohusiana na kuziunga bila msaada wa mtu. Hugin ilianza mwaka huohuo juu ya msingi wa Dersch, na PTGui nayo ilianza kama madirisha ya kuendeshea zana zake.

Ufichaji wa mshono unaotumiwa na Hugin, kupitia programu yake ndogo iitwayo Enblend, ni mbinu ya Burt na Adelson ya mwaka 1983. Mabadiliko mapana, kama rangi ya anga, huchanganywa kwa eneo kubwa, na vitu vyembamba huchanganywa kwenye ukanda mwembamba. Ndiyo maana mshono wa angani hauonekani kabisa. Lakini jahazi lilikuwa limesogea kati ya picha moja na ya pili, na mshono ulipita katikati yake, kwa hiyo nusu ya chini ya mlingoti ilitoka kwenye picha moja na nusu ya juu kwenye nyingine. Hapo hakuna ufichaji unaosaidia. Dawa ni kuiambia programu: jahazi hili lichukue lote kutoka picha hii, na katika picha ile lifunike.

PTGui na Hugin zote zina maski za kufanyia hivyo, yaani maeneo unayoyachora juu ya picha kuonyesha kipi kibaki na kipi kitolewe. Kwenye Hugin, mhariri alizungushia jahazi eneo la kutoa katika picha ya tano na eneo la kubakiza katika ya nne, akaunga upya, na mlingoti ukasimama mzima.

Akagundua jambo jingine alipofungua jedwali la nukta na kulipanga kwa ukubwa wa kosa. Nukta mbovu kuliko zote zilikuwa juu ya mawimbi, mawingu na bendera za mashua. Programu iliona povu mbili zinazofanana ikadhani ni kitu kimoja. Hugin ina chombo cha kuondoa nukta zilizokaa mawinguni, lakini za mawimbini alizifuta kwa mkono, safu baada ya safu. Alipokokotoa tena, kosa la wastani lilishuka kutoka pikseli kadhaa hadi chini ya pikseli moja. Kwenye programu ya kitufe kimoja, hayo yote yanafanyika nyuma ya pazia na huna habari nayo.

Bahari haikungoja

Walirudi gatini kupiga seti ya mwisho, safari hii kwa tripodi na mipangilio ya mkono: kiasi cha mwanga, fokasi na uwiano wa rangi vyote vilifungwa visibadilike kati ya picha na picha. Wakafika picha ya tano, boti ya abiria ikatia nanga mbele yao, wakangoja karibu saa nzima ndipo wakamalizia.

Siku hiyo ilikuwa ya bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua yanaweza kupishana karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa, na hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya tatu na ya nne hupanda kama robo ya kimo chote kwa kila saa, yaani karibu mita nzima. Matokeo yake, katika nusu moja ya picha mashua zilikuwa zimelala ubavu mchangani, na katika nusu ya pili zilikuwa zinaelea. Mhariri alihangaika na maski kutwa nzima, na hakukuwa na mahali pa kupitisha mshono, maana ufuo wenyewe ulikuwa mwingine.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akiwatazama ndiye aliyewaambia wangoje maji mafu, siku ambazo kupwa na kujaa hakupishani sana. Wakarudi asubuhi ya maji mafu, kabla ya boti ya kwanza, na picha zote tisa zikapigwa mfululizo bila kusita. Seti hiyo ndiyo iliyochapwa.

Ukumbi wa boriti

Hapa ndipo nilipoitwa. Boriti za dari zimepangwa karibukaribu kutoka ukuta hadi ukuta, nyeusi juu ya chokaa nyeupe, na jicho linakamata hitilafu ndogo kabisa. Kila programu iliyojaribiwa ilivunja boriti zilezile mahali palepale: mbili zilipishana kama mfupa uliovunjika, na nguzo ya mbele ilikuwa na makali mawili.

Mhariri alikuwa ameanza kutafuta programu ya tano. Nikamwomba aache. Programu tatu tofauti zikikosea mahali pamoja, kosa liko kwenye picha. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye tripodi kwa tundu lake la chini kama kawaida, na ilipogeuzwa, lenzi ilizunguka kama mkono unaonyooshwa badala ya kuzunguka papo hapo. Vitu vya karibu vikasogea kuliko vya mbali, kila picha ikauona ukumbi kutoka mahali tofauti kidogo. Gatini jambo hilo halikuonekana kwa sababu kila kitu kilikuwa mbali, lakini ndani ya chumba halifichiki.

Vichwa vya tripodi vya kazi hiyo vinauzwa, ila kwa bei ambayo studio haikuiweza. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili akawatengenezea bamba la chuma lenye mfereji katikati, ili kamera isogezwe nyuma juu ya tripodi. Kupata mahali sahihi, walining'iniza uzi wenye nati kwenye mlango wa ukumbi, wakaulinganisha na ukingo wa nguzo ya mbali mpaka uzi ukaufunika ukingo. Mpiga picha akageuza kamera mpaka uzi ukawa pembeni kushoto mwa fremu, kisha pembeni kulia. Mwanzoni uzi uliachana na nguzo kila upande. Akasogeza kamera nyuma kidogo, akageuza tena. Uzi na nguzo vilipokaa pamoja pande zote mbili, akakaza skrubu na kuchora alama kwa msumari kwenye bamba. Alama hiyo ni ya lenzi ile katika urefu uleule wa kukuza, na ukibadilisha lenzi unaanza upya.

Picha mpya ziliungika kwa programu zote tatu. Lililobaki lilikuwa namna ya kutandaza, yaani jinsi mwonekano wa pembe pana unavyolazwa kwenye picha bapa. Ukumbi ulichukua pembe pana, na mtandazo unaonyoosha kila mstari uliwavuta watu na viti vya pembeni mpaka vikawa vipana kupita kiasi, huku ule wa mzunguko ukipinda boriti kama upinde. Hugin ina mtandazo uitwao Panini, unaoacha mistari ya wima na ile inayokwenda katikati ya picha ikiwa imenyooka, bila kuvimbisha pembe. Ulifaa kuliko yote, kwa macho yangu na ya mteja.

Kichochoro

Kibao cha tatu kilishindikana. Kichochoro ni chembamba, huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo mpiga picha alitembea sambamba na ukuta akipiga hatua kwa hatua. Hugin inaweza kuunga picha za namna hiyo, zilizopigwa kutoka mahali tofauti, mradi kinachopigwa ni bapa. Ukuta wenyewe ulikubali. Baraza hazikukubali: zimetokeza mbele ya ukuta, na kila hatua ilizionyesha kwa upande mwingine, zikatoka na kingo mbilimbili. Nakshi za milango, zilizozama ndani ya miimo, nazo zilitetereka.

Maamuzi na sababu zake

Walichagua Hugin iwe programu ya kuungia. Ile ya kuhariri ilibaki na kazi ya kusafisha faili ghafi za kamera, kwa mpangilio mmoja kwa picha zote, kabla ya kuzitoa kama TIFF, aina ya faili ya picha inayohifadhi ubora.

Bei haikuwa sababu pekee. Kazi ilikuwa ya kumbukumbu ya urithi, na programu za kitufe kimoja zina tabia ya kujaza pembe tupu kwa vitu zilivyobuni zenyewe, au kuivuta picha ili ijae fremu. Kwa picha ya harusi hilo halina neno. Kwa picha ambayo watu wataitumia kujua nyumba ilikuwaje, kuvuta ukuta ni kusema uongo, na Ami hapo hakutaka mjadala.

Sababu nyingine ni mafaili. Watengenezaji wa Autopano, programu nyingine ya kuungia picha, ni kampuni ya Kifaransa iitwayo Kolor, nao walinunuliwa na kampuni ya kamera ya GoPro mwaka 2015, na mwaka 2018 programu zao zikasitishwa. Wengi waliokuwa na miradi ndani yake walibaki wakitafuta pa kuhamia. Faili ya mradi wa Hugin ni maandishi matupu. Ukiifungua kwa kihariri cha kawaida unaona mstari wa kila picha na mstari wa kila nukta, na hata Hugin ikifa kesho, mtu anaweza kusoma kilichofanyika.

Kuhusu kichochoro, walikiri kwa mteja kwamba ukuta mzima hauwezi kutoka bila kudanganya. Wakapendekeza picha tatu za kawaida, kila moja na mlango wake na baraza yake, zichapwe zikiwa zimeachana wazi.

Matokeo

Vibao vilipokelewa, pamoja na pendekezo la kichochoro. Lalamiko lilikuwa moja: mnara mmoja ulionekana kuegemea kushoto. Mhariri aliweka nukta za mstari wa wima kwenye kingo za majengo kadhaa, akakokotoa upya, mji ukasimama sawa.

Baadaye mteja alitaka nakala ndogo kwa kijitabu, lakini kati ya wakati huo studio ilikuwa imehamishia picha kwenye diski nyingine, na mradi haukuzipata. Mhariri alifungua faili kwenye kihariri cha maandishi, akabadilisha jina la folda katika mistari ya picha, akahifadhi. Ukafunguka na maski zake zote.

Uchambuzi

Kosa kubwa la uchaguzi wao lilikuwa kulinganisha programu kwa picha rahisi. Mji wa mbali, jua zuri: hapo kila programu inafaulu, na unaishia kuchagua kwa sura ya vitufe. Wangeanza na boriti, wangejua mapema kipi ni cha programu na kipi ni cha kamera, na fundi wa bamba angeitwa kabla muda haujaliwa.

Kukuza picha hadi ukubwa kamili na kuipitia yote kuliwaokoa. Kwenye kibao cha mita 6 ambacho mtu anakikaribia, mlingoti uliokatika ungeonwa na kila mvuvi aliyeingia maonyeshoni. Nawashauri wote wanaofanya kazi hii wapitie mshono mmojammoja kabla ya kumwonyesha mteja chochote, hata kama macho yanauma.

Hugin ina gharama yake, na ni muda. Mhariri alitumia siku nyingi kuizoea, hasa alipotoka kwenye mwonekano wake mwepesi kwenda ule wa kitaalamu wenye kila kitu. Studio yenye kazi moja ya namna hii kwa mwaka inaweza kulipa kwa muda. Ikipata kazi za mfululizo, mfano picha za mzunguko mzima za vyumba vya hoteli, ningenunua PTGui bila kusita, kwa sababu ni nyepesi kuendesha na matoleo yake ya kitaalamu yanaunga mafungu mengi kwa mkupuo. Nukta, maski na uwezo wa kuingia ndani vipo humo pia, kwa hiyo alichojifunza mhariri hakitapotea.

Udhaifu uliobaki ni kumbukumbu. Hakuna aliyeandika mahali popote alama ya bamba ni ya lenzi ipi, wala mtandazo uliotumika ukumbini uliwekwaje. Yote yako kichwani mwa watu wawili. Nimewaomba waweke karatasi moja ndani ya folda ya kila mradi, na mhariri ameanza. Hoteli moja nayo imekwisha kuulizia picha za vyumba vyake, na Ami ameingiza gharama ya leseni kwenye bei aliyowapelekea.